Gari Dogo Lililotumika: Namna ya Kulikagua Hapa Kigoma Kabla ya Kutoa Fedha

Muuzaji akikupangia kuliona gari saa nne asubuhi, mwombe iwe saa moja, na umsihi asiliwashe kabla hujafika. Ombi hilo ni dogo, lakini litakufunulia mengi kuliko maswali yote utakayomuuliza baadaye, kwa sababu injini iliyolala usiku kucha haina namna ya kuficha yale ambayo injini iliyokwisha kupata joto huyaficha kwa urahisi: moshi wa mwanzo, mlio wa cheni iliyolegea, betri iliyochoka, na gia boksi ya otomatiki inayosita kushika gia.

Mimi nilijifunza hilo kwa gharama. Gari langu la kwanza lilikuwa Vitz ya toleo la kwanza, na siku niliyokwenda kuliona, maeneo ya Mwanga hapa mjini, niliweka kiganja juu ya boneti nikakuta ina joto. Muuzaji, mtu mzima mwenye kauli nzuri, akaniambia, “Nimetoka kumpeleka mdogo wako shule, mwanangu,” nami nikaona haya kumwambia kwamba ningerudi kesho. Asubuhi iliyofuata, gari likiwa limelala kwangu, lilitoa wingu la moshi wa bluu lililomfanya jirani afunge dirisha, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeongeza lita mbili za oili. Mzee yule hakunidanganya kwa neno lolote. Ni mimi niliyelitazama gari kwa saa isiyofaa.

Aina ya gari na umri wake

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni aina gani isiyosumbua, na jibu la mitaani ni Toyota. Jibu hilo ni la kweli nusu. Katika mji ulio zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa reli, faida kubwa ya Vitz, IST, Passo au Spacio ni kwamba fundi wa karibu amekwisha kuifungua mara nyingi, na spea ikikosekana dukani utaletewa na basi, ilhali gari zuri la aina adimu linaweza kukaa juu ya mawe wiki tatu likisubiri kifaa kimoja. Hata hivyo sifa za aina si sifa za gari lililo mbele yako, na IST iliyotunzwa vibaya itakusumbua kuliko Demio ya Mazda iliyotunzwa vizuri.

Yako mambo machache ya kiufundi yanayofaa kujulikana mapema. Starlet za zamani hutumia mkanda wa mpira kuendesha kamshafti, shafti inayofungua valvu za injini, nao hutakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, kwa hiyo muulize muuzaji ulibadilishwa lini na nani. Vitz, IST na Passo hutumia cheni, ambayo haina ratiba ya kubadilishwa, ila huchakaa haraka kwa mtu anayechelewesha kumwaga oili. IST yenye chesisi inayoanza na NCP60 ina injini ya 1300, na inayoanza na NCP61 ina injini ya 1500; ukiambiwa kinyume cha kadi, amini kadi ya gari na namba iliyochongwa kwenye chuma, usiamini tangazo. Passo za lita moja na Vitz za lita moja za kuanzia mwaka 2005 zina silinda tatu, hivyo mtikisiko mdogo zikiwa silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ni tabia yake ya kuzaliwa, na dalali wa gari jingine asikutishe kwamba injini imekufa. Nyingi kati ya Vitz za toleo la tatu, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2010, zina gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, kama zilivyo Honda Fit nyingi, na gia boksi ya namna hiyo haivumilii haidroliki (mafuta ya gia boksi) isiyo yake. Mimi, kwa milima yetu hii, ningechagua IST yenye gia boksi ya kawaida ya gia nne kuliko CVT ambayo sijui ilimwagiwa nini na fundi aliyetangulia.

Kuhusu umri, usichanganye herufi za namba na mwaka wa kuundwa. Tumezoea kusema “gari namba D” au “namba E” kana kwamba hicho ndicho kipimo cha upya, lakini herufi hizo hueleza ni lini gari lilisajiliwa Tanzania. Gari la mwaka 2003 lililokaa Japani miaka kumi na tano litakuja na namba ya karibuni na mipira ya zamani. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho usome kitambaa kilichoshonwa chini yake. Mara nyingi kina mwaka wa kutengenezwa. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne zilizofungwa ndani ya duara refu: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka kumi ni tairi la kutupa.

Kilomita nazo zipige hesabu mwenyewe. Mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku hufikisha 14,600 kwa mwaka, yaani 146,000 kwa miaka kumi. Gari la mwaka 2004 linalosoma 68,000 linawezekana kuwapo, lakini lazima lifanane na madai yake: mpira wa pedali ya breki usiwe umelika upande mmoja, usukani usiwe umekuwa laini na kung’aa, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango usiwe umebonyea. Kusoma vitu hivyo vitatu kunachukua dakika moja, na kilomita zilizorudishwa haziwezi kuvirudisha.

Anza na buti

Kabla ya kufungua boneti, fungua buti, toa zulia, toa tairi la spea, na utazame shimo lake kwa tochi ya simu. Sehemu hiyo haipulizwi rangi wala haisafishwi na dalali, kwa hiyo hutunza historia yote ya gari.

Katika Kigoma historia hiyo ina harufu zake. Dumu la mawese lililowahi kumwagika huacha utando wa rangi ya chungwa kwenye pembe za bati na harufu isiyokwisha kwa sabuni, nayo inakuambia kwamba gari lilikuwa la mzigo. Magamba makavu ya dagaa chini ya zulia yanasema jambo hilohilo. Ukikuta chembe nyeupe na kutu inayovimba kwenye mishono ya bati, fikiria chumvi, kwa sababu chumvi ya Uvinza imepandishwa kwenye magari ya kila aina, na gunia likishalowa mvua moja, kinachobaki chini ni kutu. Wako wanaosema, “Ni kutu ya ziwa tu hiyo, kaka.” Ziwa Tanganyika ni maji baridi, haliozeshi gari kama pwani ya bahari inavyoozesha. Kutu nyingi chini ya gari maana yake ni kwamba limeishi pwani, au limetoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au limebeba kitu lisichopaswa kubeba.

Maji ni habari nyingine. Miaka ya karibuni ziwa lilipanda likaingia kwenye makazi ya ufukweni, na gari lililosimama ndani ya maji hukaushwa, husafishwa, kisha huuzwa. Angalia tope jembamba kwenye reli za viti na ndani ya soketi za waya chini ya dashibodi, kisha vuta tena mikanda ya viti uone kama ina mstari wa maji. Gari la namna hiyo liache hata kwa nusu ya bei, kwa sababu hitilafu za umeme zitakuja moja baada ya nyingine kwa miaka.

Baada ya hapo zunguka bodi. Nafasi kati ya milango na mabawa ziwe sawa pande zote mbili. Boliti za mabawa na za boneti zisiwe zimechubuka rangi. Raba za vioo zisiwe na vumbi la rangi. Na kile chuma cha mbele kinachoshika rejeta kisiwe kimenyooshwa kwa nyundo. Kugongwa si dhambi, na bawa lililobadilishwa halidhuru. Kinachokataliwa ni chesisi iliyopinda au gari lililounganishwa kutoka magari mawili, jambo linaloonekana kwenye weldingi ya sakafu na nguzo za milango.

Liwashe likiwa baridi

Sasa fungua boneti. Fungua mfuniko wa rejeta kwa sababu injini ni baridi. Usithubutu kamwe kufanya hivyo ikiwa ya moto. Maji yawe ya rangi ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, nyekundu, waridi au kijani, na si ya kahawia kama ya mfereji baada ya mvua. Maji ya kahawia yanaonyesha kwamba wamiliki waliotangulia walikuwa wakijaza maji ya bomba, na ndani ya njia za injini kuna kutu. Fungua mfuniko wa oili utazame chini yake: ute mzito kama maziwa mara nyingi ni alama ya maji kuingia kwenye oili, yaani gasketi ya silinda hedi, na hapo ukaguzi umekwisha. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi si tatizo, lakini oili iliyo chini ya alama ya mwisho inaonyesha mwenye gari ni mtu wa namna gani.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa za injini, ABS na airbag lazima ziwake, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwani mtu ameing’oa balbu au ameifunika. Tazama pia saa ya dashibodi. Ikiwa imerudi kwenye mwanzo na redio imepoteza stesheni zake zote, betri ilichomolewa asubuhi hiyo, na sababu moja ya kuchomoa betri ni kufuta kumbukumbu ya makosa kwenye kompyuta ya gari. Siku moja nilimwuliza kijana wa kuuza magari kuhusu saa iliyosoma 1:00 wakati sisi tulikuwa tunakaribia saa tatu, alicheka, akaniambia, “Mzee, wewe umekuja kununua gari au saa?” Baada ya kuendesha nusu saa, taa ya injini ilijirudia yenyewe.

Piga stata huku mtu wako akiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe mwepesi unaokwisha ndani ya dakika moja ni mvuke. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Sikiliza sekunde za mwanzo: mlio wa kama mnyororo unaoburuzwa, ukidumu kwa zaidi ya sekunde chache, ni cheni au kikaza chake. Kisha kanyaga breki, uweke D, uhesabu, uweke R, uhesabu. Gia ishike ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo.

Acha injini iungurume mpaka ipate joto, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Feni ya rejeta inatakiwa kuwaka yenyewe na kuzima yenyewe. Ikiwa inazunguka tangu ulipofungua swichi, imeungwa moja kwa moja, na mara nyingi fundi aliyeiunga ametoa pia themostati, kifaa kinachoongoza joto la maji ya injini, akiamini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Matokeo yake injini hufanya kazi ikiwa na ubaridi usiofaa, hunywa mafuta, na kasoro halisi iliyosababisha ichemshe hubaki palepale. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari tu, hivyo ukisubiri kuona nyekundu utakuwa umechelewa.

Kilima cha kwenda Mwanga

Katika miji mingi ya tambarare mnunuzi hutafuta mlima wa kujaribia gari. Sisi tunao, kutoka stesheni ya reli kupanda na Barabara ya Lumumba hadi Mwanga. Teremka nalo mpaka stesheni, geuza, kisha panda ukiwa na abiria wawili au watatu ndani. Katikati ya kilima, mahali pasipo na msongamano wa bodaboda, simama, vuta breki ya mkono, achia ya mguu. Gari libaki hapohapo. Kisha ondoka taratibu. Kama injini inapanda mlio na gari halipandi kilima, gia boksi inateleza, na matengenezo yake yanaweza kumeza robo ya bei uliyotajiwa au zaidi. Honda Fit yenye CVT iliyochoka hutetemeka hasa kwenye hatua hiyo ya kuondoka.

Unaporudi kuteremka, weka gia ya chini, uondoe mguu kwenye mafuta, na ukifika karibu na mwisho wa mteremko kanyaga mafuta ghafla huku ukitazama kioo cha nyuma. Pumzi moja ya moshi wa bluu hapo ni sili za valvu. Moshi unaoendelea wakati wote wa kupanda ni ringi za pistoni. Tofauti hiyo ni ya fedha nyingi: sili zinabadilishwa, ringi zinadai injini ifunguliwe yote, na mafundi wengi watakushauri ununue injini nyingine iliyotumika.

Baada ya kilima tafuta uwanja, geuza usukani mpaka mwisho, uzungushe gari polepole kulia kisha kushoto. Mlio wa tak-tak-tak ni joiniti za drive shaft. Hapa kuna jambo la kwetu la kuangaliwa: magari mengi madogo yamenyanyuliwa kwa spesa juu ya shokapu ili yasiguse chini kwenye barabara za vijijini. Spesa si ubaya, lakini huziweka joiniti katika pembe zisizotengenezewa, na mipira yake hupasuka mapema, grisi ikatoka na mchanga ukaingia. Lala chini utazame mipira hiyo. Ukikuta pia springi za nyuma nene zisizo za asili na viti vya nyuma vilivyolika kuliko vya mbele, gari limefanya mchomoko, yaani biashara ya kubeba abiria, hata kama limeletwa kwako na mwalimu mwenye miwani.

Mwendo wa kasi ujaribu kwenye lami ya kuelekea Kidahwe. Gari likivuta upande, usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, au mngurumo ukiongezeka na kasi na kubadilika unapokata kona, andika kila moja. Hayo ni alaimenti, diski na bearing, yote yanarekebishika na yote yanapunguza bei.

Fundi wako, na karatasi

Ukiisha kuridhika, mlete fundi. Awe wako, umlipe wewe, na asifahamiane na dalali, kwa sababu fundi anayetegemea kupewa chochote na dalali gari likiuzika hawezi kukushauri uliache. Mwombe alipime kwa mashine ya kusoma makosa baada ya kuendeshwa, si kabla, na apime kompresheni ya silinda zote. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Haidroliki ya gia boksi ikiwa na kijiti, iwe na wekundu; ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usikubali ahadi ya kwamba “ikimwagwa tu inakaa sawa”.

Kadi ya gari ioanishe na namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma, ambayo kwa Toyota nyingi ndogo huwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, wala usiridhike na kibati kilichopigiliwa, kwani kibati huhamishika. Jina kwenye kadi liwe la anayeuza. Kuna magari hapa mjini yamepita mikono minne kwa kadi ileile, na mmiliki anayetambuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, amehama au amefariki, jambo litakalokupeleka kwenye mirathi ya watu usiowajua. Nenda TRA na muuzaji mkathibitishe umiliki kabla ya fedha kutoka, mwandikiane mkataba mbele ya wakili, na fedha zipite benki. Faini za barabarani hufuata namba ya gari na huonekana kwenye mfumo wa Polisi, ada za maegesho kwenye mfumo wake, na bima huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Zote zitazame kwa simu mkiwa pamoja, na deni lolote alilipe yeye. Gari lenye namba za Burundi au Kongo linalouzwa kwa bei ya kutupa usiliguse mpaka uone ushahidi wa ushuru kulipwa Tanzania. Gari likikamatwa, aliyelishika usukani ndiye atakayeulizwa.

Ndipo mzungumze bei, mkiwa na orodha yako ya kasoro mkononi, bila kumdhihaki muuzaji wala gari lake. Siku ya kukabidhiana dai ufunguo wa pili, jeki, spana ya tairi na kadi halisi, na ukifika nyumbani lilaze mpaka asubuhi, uliwashe likiwa baridi mara ya pili, ukiwa peke yako.